Kijana wetu yuko gereza la Maweni, huu mwezi wa sita: tuweke wakili, tuandamane, au twende kwa Mkuu wa Wilaya?

"Assalaam aleikum, wakili. Sisi ni kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, tuko 22, tunaishi Makorora hapa Tanga. Usiku mmoja polisi walifanya msako wakawachukua vijana watatu waliokuwa wamekaa kijiweni wakinywa kahawa, wakaambiwa ni wazururaji. Wawili waliachiwa baada ya siku mbili, wazazi wao walipotoa hela ya dhamana. Wa tatu ni mtoto wa mwenzetu, mjane anayeuza vitumbua, naye hakuwa na kitu. Siku ya nne kijana alipelekwa Mahakama ya Wilaya akasomewa shtaka la kuvunja nyumba usiku na kuiba huko Mabawa, pamoja na watu wazima wawili asiowajua. Hakimu alisema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, mmoja awe mtumishi wa umma, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni mbili. Mama yake akajiuliza milioni nne atazitoa wapi, akarudi nyumbani. Huu ni mwezi wa sita yuko Maweni, na kila akipelekwa tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Kijana alimaliza kidato cha nne mwaka jana, atatimiza miaka 18 Desemba. Je, tuchange tuweke wakili, tuandamane, au twende kwa Mkuu wa Wilaya? Wazee wengine wanasema tunatetea wezi. Sisi tunataka pia jambo hili lisimpate mtoto mwingine hapa mtaani."

Waaleikum salaam, mama. Nimeisoma barua yenu mara mbili, na naona ndani yake mna maswali mawili: moja la kijana aliyeko Maweni, jingine la mtaa mzima. Nitaanza na la kijana kwa sababu lina haraka, na kwa sababu mmeandika sentensi moja kama watu wanaopita njia, kumbe ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mmesema atatimiza miaka 18 mwezi wa Desemba. Basi usiku aliokamatwa alikuwa bado hajafika umri huo, na mpaka leo, mbele ya sheria, ni mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hata akiwa ameota ndevu, hata akiwa amemaliza shule. Mtoto anayeshtakiwa hustahili kusikilizwa na Mahakama ya Watoto, kesi ikiendeshwa faragha, mzazi au mlezi akiwapo na afisa ustawi wa jamii akiwapo. Hatakiwi kuchanganywa na mahabusu watu wazima. Na hata akipatikana na hatia hahukumiwi kifungo cha gerezani. Ameshtakiwa pamoja na watu wazima, na hilo linaweza kuipeleka kesi katika mahakama ya kawaida, lakini haliufuti utoto wake wala haki zinazoufuata. Tena Tanga tuna kitu ambacho mikoa mingi haina, yaani mahabusu ya watoto, mahali palipotengwa kwa ajili ya watoto wanaosubiri kesi zao. Kama kuna ulazima wa kumzuia, mahali pake ni huko.

Kwa nini basi yuko Maweni? Sijaliona jalada, lakini nimeshika kesi za namna hii za kutosha kuujua mlango ambao kosa hupitia. Askari anayejaza karatasi huandika umri kwa kukadiria au kwa kumuuliza mtuhumiwa mwenyewe, na kijana mwenye hofu, akidhani kwamba kuonekana mtu mzima kutampunguzia bughudha, hujibu kwamba ana miaka 19, yakaisha. Nambari hiyo huingia katika hati ya mashtaka, kutoka hapo huingia katika kumbukumbu za mahakama, na haiulizwi tena na mtu yeyote mpaka mzazi aje na karatasi. Karatasi yenyewe ni cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, kuna kadi ya kliniki aliyochomewa chanjo utotoni, kuna rejista ya shule ya msingi aliyosoma, na kuna kiapo cha mama aliyemzaa. Mama yake apeleke nakala kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kwa karani wa mahakama, kisha siku ya kesi asimame, aseme kwa adabu kwamba mshtakiwa wa tatu ni mtoto, na kwamba anaiomba mahakama ichunguze umri wake. Si lazima awe na wakili ili kusema maneno hayo, na hakimu akishayasikia hawezi kuyapita tu.

Sasa dhamana, ambayo ndiyo iliyomrudisha mwenzenu nyumbani kwa machozi. Milioni mbili alizozitaja hakimu hazikuwa fedha za kulipa. Bondi ni ahadi ya maandishi: mdhamini anasaini kwamba mshtakiwa atafika mahakamani kila tarehe, na kwamba asipofika, yeye mdhamini ndiye atakayedaiwa kiasi hicho. Siku ya kusaini hapungukiwi hata senti. Nadhani filamu za Marekani zimetuharibia jambo hili, maana kule dhamana kwa kawaida ni fedha taslimu, na kuna watu wanaofanya biashara ya kumlipia mtu dhamana kwa ada. Kwetu mahakama nyingi hudai vitu vya kawaida kabisa: kitambulisho cha taifa, picha ndogo ya pasipoti, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa yenye muhuri, inayoeleza kwamba mdhamini anaishi hapo na anafahamika. Nimewaona wadhamini wakirudishwa kwa sababu jina la kwenye barua limeandikwa Mwanahamisi na la kwenye kitambulisho Mwanakhamis. Yasomeni mapema, herufi kwa herufi, kabla mtendaji hajagonga muhuri.

Katika jambo hili kikundi chenu kina nguvu kuliko wakili. Mdhamini mmoja anaweza kutoka miongoni mwenu. Wa pili, huyo mtumishi wa umma, atafuteni kwa walimu wa shule ya mtaa, wauguzi wa zahanati, watumishi wa halmashauri wanaomjua kijana tangu mdogo, na mwelezeni ukweli wote: kwamba hatalipa chochote leo, lakini kijana akitoroka bondi ni deni lake kweli, na mahakama inaweza kulidai. Msimfiche hilo ili asaini. Mkishindwa kumpata, ombeni masharti yapunguzwe. Sheria inasema dhamana isiwe kubwa kupita kiasi, na Mahakama Kuu, ambayo ina masjala yake hapa Tanga, ina mamlaka ya kulegeza masharti yaliyowekwa na mahakama ya chini. Hata hivyo aanzwe hakimu mwenyewe. Mara nyingi sharti la mtumishi wa umma hutajwa kwa mazoea, na hakimu akielezwa kwamba mama ni mjane muuza vitumbua na kwamba kuna wadhamini wawili wenye makazi ya kudumu, huliondoa papo hapo.

Kuhusu hela ya dhamana waliyotoa zile familia mbili, niseme waziwazi: dhamana ya polisi ni bure. Anayepokea fedha ili amwachie mtu anatenda kosa la rushwa, na sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa humhesabu anayetoa pia. Ndiyo sababu sitawaambia mwandike majina ya wazazi wale katika malalamiko yenu kabla hawajazungumza na mwanasheria. Mkiombwa tena, msibishane kaunta. Nambari ya TAKUKURU ni 113 na kuipiga ni bure. Mtu aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au kuachiwa kwa dhamana kama inawezekana, na makosa makubwa humpa polisi nafasi zaidi. Kijana wenu alifikishwa siku ya nne. Liandikeni hilo pamoja na tarehe zake, kwa kuwa mtalihitaji.

Nije kwenye neno mnalolisikia kila mara, "upelelezi haujakamilika". Watu wengi hudhani hakimu ndiye anayechelewesha kesi, wakamchukia bure. Hakimu hapelelezi. Jalada la upelelezi linakaa polisi, kutoka huko hupelekwa kwa mawakili wa serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, nao wakiona pengo hulirudisha polisi likiwa na maelekezo, na katika safari hiyo ya kwenda na kurudi ndimo miezi hupotelea. Mpelelezi amehamishiwa Handeni, shahidi amesafiri, kielelezo kipo stoo ya kituo na mwenye ufunguo yuko likizo. Siku ya kutajwa mwendesha mashtaka husimama na sentensi ile moja, kesi huahirishwa kwa wiki mbili, na karandinga hurudi Maweni na abiria walewale.

Sheria haikuuacha mchezo huo bila mpaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka siku 60 kuwa kikomo cha kuahirisha kesi kwa namna hiyo. Kuzidi hapo mahakama inahitaji hati ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, kisha ya wakili wa serikali, kisha ya Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe, na jumla haiwezi kuvuka miezi 24. Marekebisho ya mwaka 2022 yalikwenda mbali zaidi, yakakataza mashtaka kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Basi kijana, au mtetezi wake, anaweza kusimama na kuuliza swali fupi: je, hati ya kuongeza muda ipo katika jalada la mahakama? Kama haipo, ana haki ya kuomba aachiwe. Sitawaficha kasoro ya dawa hii. Kuachiwa kwa namna hiyo si kufutiwa kosa, na nimewashuhudia vijana wakikamatwa upya kwa shtaka lilelile kabla hawajafika getini. Ndiyo maana mimi huona ni heri kupigania kwanza umri na dhamana, kisha muda.

Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo, na sijaona mahali methali hiyo inapotimia kama katika baraza la mahakama. Miaka yangu ya mwanzo ya uwakili nilikuwa na mteja ambaye mama yake hakukosa tarehe hata moja. Alikuwa akifika saa moja na nusu, akakaa kwenye benchi nje ya chumba namba mbili, na kesi ya mwanawe ikawa ikiitwa ofisini kwa hakimu upande wa pili wa jengo. Alikaa hivyo tarehe tano. Tarehe zote tano kumbukumbu zilionyesha kwamba mshtakiwa hana ndugu aliyejitokeza, na wadhamini aliokuja nao walirudi kazini bila kuitwa. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalowafundisha wasaidizi wa kisheria ni kwenda kwa karani asubuhi, kusoma orodha ya kesi iliyobandikwa, na kuuliza: hakimu gani, chumba gani, saa ngapi.

La pili ni daftari. Nunueni daftari gumu la kaunta, mpige mistari: tarehe, jina la mshtakiwa na nambari ya kesi, hakimu, nani alisimama upande wa mashtaka, sababu ya kuahirishwa kwa maneno yaleyale yaliyotamkwa, tarehe mpya. Wawili wenu waende kila tarehe kwa zamu, wakae kimya, wavae kwa heshima, wazime simu. Kwa kesi za watu wazima mahakama ni ya wazi, na mwananchi haombi ruhusa ya kuketi na kusikiliza. Kwa kesi ya mtoto wataingia wazazi tu, ninyi mngoje nje na daftari lenu. Msimtumie hakimu ujumbe, msimfuate nyumbani, msimpelekee mtu wa kuzungumza naye pembeni. Kuwapo kwenu peke yake kunaeleza mengi. Hakimu anayepima kama mshtakiwa atatoroka akiona watu wazima wa Makorora wameamka alfajiri kwa ajili yake, anaona mizizi ambayo hati ya mashtaka haikuionyesha.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Katika mji wa San Jose, jimbo la California, kikundi kiitwacho Silicon Valley De-Bug, ambacho Raj Jayadev ni mmoja wa waanzilishi wake, kimekuwa kikifanya kazi ya namna hii kwa miaka. Familia za washtakiwa hukutana kila wiki, huandika jina la mtu wao ubaoni, husaidiana kusoma karatasi za polisi, kutafuta mashahidi na kumwandalia wakili maelezo ya maisha ya mshtakiwa: anamtunza nani, amefanya kazi wapi, amesoma wapi. Siku mtu anaporudi nyumbani, hulifuta mwenyewe jina lake ubaoni. Wao huhesabu miaka ya kifungo iliyookolewa badala ya miaka iliyotumikiwa. Mazingira yao si yetu, mshtakiwa fukara kule huwekewa wakili na serikali katika kesi nyingi kuliko huku, lakini sehemu ya familia inahamishika bila tabu, kwa sababu haihitaji kitu ambacho ninyi hamna. Karibu zaidi na sisi, Malawi ilianza mwaka 2000 kuwapeleka wasaidizi wa kisheria ndani ya magereza kuwafundisha mahabusu namna ya kuomba dhamana na kujieleza mbele ya hakimu, na mahakimu wakawa wakienda gerezani kuyapitia majina ya waliosahauliwa humo.

Nirudi kwenye njia tatu mlizozitaja. Wakili wa kulipwa ni mzuri mkimudu, ila msikimalizie kikundi akiba kabla hamjagonga milango ya bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na kuwakataza kutoza ada. Hawawezi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini kazi zote nilizozieleza hapo juu wanaziweza. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anawajua waliosajiliwa. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina ofisi hapa Tanga, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 imekuwa ikiweka mawakili na maafisa katika meza za wazi inapopita. Sheria hiyohiyo ya 2017 humruhusu hakimu, akiona haki inadai hivyo na mshtakiwa hana uwezo, kuagiza apatiwe msaada wa kisheria. Liombeni hilo kwa sauti.

Maandamano ni haki ya raia kwa Katiba, na taarifa yake hupelekwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya saa 48 kabla. Lakini kwa kesi iliyo mbele ya hakimu mimi siyashauri. Yatamfanya hakimu mwema aogope kuonekana amesukumwa, yatawapa polisi sababu ya kuwatazama ninyi badala ya jalada, na mkikamatwa wanne mtakuwa na kesi tano badala ya moja. Mkuu wa Wilaya naye hana mamlaka ya kuifuta kesi wala kumwamuru hakimu, na akifanya hivyo atakuwa amevunja Katiba inayoipa Mahakama uhuru wake. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: ndiye mwenyekiti wa kamati ya maadili ya maafisa wa mahakama katika wilaya. Kama mna malalamiko juu ya mwenendo wa hakimu, mathalani lugha ya matusi au kuomba chochote, mlango huo ni halali. Kwa habari mliyoniandikia sioni kosa la hakimu, kwa hiyo uacheni kwanza. Mlango wa jalada lililokwama ni ofisi ya mashtaka ya mkoa, kwa barua fupi yenye nambari ya kesi na tarehe zote za kuahirishwa, mkabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wazee wanaosema mnatetea wezi msiwakasirikie, kwa kuwa wana hoja iliyokaa vibaya. Huko Mabawa kuna mtu aliyeamka akakuta mlango umevunjwa na vyombo vyake havipo. Na yeye huu ni mwezi wa sita anangoja. Kama kijana wenu hakuhusika, basi aliyehusika anatembea, na kadiri jalada linavyolala ndivyo mashahidi wanavyosahau sura. Mimi ningekuwa ninyi ningetuma mama wawili watu wazima wakampe pole, bila kumwomba afute kesi wala kumgusia ushahidi wake, maana hilo lingeonekana kuwa ni kuingilia shahidi. Pole tu. Kwa makosa madogo ya binafsi, kama kupigana kwa majirani, sheria huiruhusu mahakama kuhimiza wahusika wapatane, na hapo wazee wana kazi kubwa. Kuvunja nyumba hakumo katika kundi hilo. Na niongeze onyo, kwa kuwa mtaani kwetu jambo hili lipo: kosa la kumdhuru mtoto au la ubakaji lisipelekwe kamwe kwenye suluhu ya kifamilia, hata aliyetenda akiwa mtoto wa mwanachama mwenzenu.

Sasa swali lenu la pili, la mtaa. Kisa chote hiki kilianza na neno moja, uzururaji. Kanuni yetu ya Adhabu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1945, ina vifungu vinavyomhesabu mtu kuwa mzembe au mzururaji bila kuonyesha amemdhuru nani, na maneno yake yana ukoo na sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliyotungwa ili kuwaondoa maskini barabarani. Uhuru ulipokuja vifungu vilibaki. Mwaka 1983 vijana wasio na ajira ya kuandikishwa walisombwa mijini katika operesheni ya Nguvu Kazi ili wapelekwe vijijini kulima, na watu wa umri wangu bado wanakumbuka namna mtu alivyotembea na karatasi ya mwajiri mfukoni kama hirizi. Kifungu cha namna hii ni rahisi kukitumia katika msako kwa sababu hakihitaji mlalamikaji, hakihitaji kielelezo, na hata kisipofika mahakamani kinampa askari mtu wa kuanza naye kutafuta kosa jingine. Vijana watatu wa kijiweni walichukuliwa kwa neno hilo. Mmoja leo ana kesi ya kuvunja nyumba.

Neno hilo limeshaguswa kwingineko. Malawi, muuza mifuko ya plastiki aitwaye Mayeso Gwanda alikamatwa mwaka 2015 alfajiri akielekea sokoni Limbe. Alipinga kifungu kilichomkamatisha, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi yake ikakibatilisha. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapohapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Nchini kwetu, Tume ya Haki Jinai iliyoundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huohuo baada ya kuwasikiliza wananchi mikoani, ikigusa polisi, mashtaka, mahakama na magereza kwa pamoja. Kwa hiyo mnapolisema jambo hili hamsemi jambo geni wala la uchochezi.

Lakini viongozi wamesikia hadithi nyingi, na hadithi moja hujibiwa kwa neno moja, kwamba hilo ni tukio la bahati mbaya. Daftari lenu likifika kesi 30 au 40 halijibiwi hivyo. Litaonyesha wangapi walikamatwa kwa uzururaji wakaishia na shtaka jingine, wangapi walishindwa dhamana kwa sababu ya sharti la mtumishi wa umma, ni mara ngapi sababu ya kuahirishwa ilikuwa gari la mahabusu. Kila moja ya sababu hizo ina mwenyewe anayeweza kuirekebisha bila kungoja Bunge. Polisi, mashtaka, mahakama na magereza hukaa pamoja katika Jukwaa la Haki Jinai. Pelekeni muhtasari wa kurasa mbili, usio na majina ya watoto, kwa hakimu mfawidhi na kwa ofisi ya mashtaka, mkiomba uzungumzwe huko. Wiki ya Sheria, kila mwishoni mwa Januari kuelekea mwanzo wa Februari, mahakama hufungua mahema na kupokea maswali ya wananchi. Nendeni na daftari. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kukagua mahabusu na magereza, na malalamiko kwake hayalipiwi. Mtakachopata mwanzoni ni kidogo: labda hakimu kuacha kutaja mtumishi wa umma, labda mkuu wa kituo kukubali kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa usiku uleule wa msako. Mimi hicho kidogo nakiita mageuzi, kwa sababu ndicho kinachomfikia mtu wa Makorora.

Yapo mambo ambayo msiyasubirie maandishi wala kikao. Kama kijana amepigwa au ameumia, au kama alisainishwa maelezo bila ndugu wala wakili, mtafuteni mwanasheria ana kwa ana siku hiyohiyo, na aliyeumia apatiwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na aonwe na daktari kabla alama hazijafutika. Kama shtaka linabadilishwa kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, jueni kwamba halina dhamana na kwa mtu mzima adhabu yake haipungui miaka 30, kwa hiyo hapo akiba ya kikundi ina kazi. Kama mtu yeyote anamshawishi kijana akiri ili atoke haraka, asikiri kabla hajazungumza na wakili. Na kama hukumu itatolewa dhidi yake, taarifa ya kukata rufaa huwekwa ndani ya siku 10, jambo ambalo hukosewa kuliko yote.

Hamkuniandikia tarehe inayofuata ya kesi. Kesho asubuhi mmoja wenu aende kwa karani akaisome, na mama yake aanze kuitafuta ile kadi ya kliniki.